Maswali ya Wasomaji: Geuka Kwanza, Utazame

Barua za safari hii zimetoka Igombe, Nyakato, Nansio, Kisesa, Kayenze, Buhongwa na wodi moja ya hospitali ya Bugando. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: Mkristo mwenye simu mkononi atazame nini, na akishaona afanyeje? Nimepiga picha hapa Mwanza tangu enzi za filamu, nilipokuwa kijana wa kusafisha picha katika chumba cha giza mtaa wa Makoroboi. Siku hizi ninafundisha vijana wa kanisani kwetu kila Jumamosi mchana. Barua ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mzee, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi cherehani, nimehamia Igombe kutoka Shinyanga. Usiku wa giza naona taa za wavuvi zimejaa ziwani hadi unadhani kuna mji kule. Nilipiga picha nikaiweka kwenye stetasi, nikaandika: "Ninyi ni nuru ya ulimwengu." Watu wengi waliipenda. Lakini baba mdogo, ambaye ni mvuvi wa dagaa, aliisoma akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, unajua kazi ya zile taa?" Tangu hapo nimekosa la kuandika. Nitajuaje fundisho lililomo kwenye picha?

Marahaba, mwanangu. Amina.

Swali la baba mdogo ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kusikia mimbarini, kwa hiyo tuanze nalo. Dagaa wa ziwa letu hufuata mwanga. Mvuvi anawasha taa juu ya maji usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri au sola. Dagaa wanapanda, wanakusanyika pale penye mwanga, kisha wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu tena. Ndiyo maana siku hizo mitumbwi mingi inalala mwaloni na watu wanashona nyavu. Sasa mvuvi akiitazama picha yako anaona chambo. Kwa dagaa, ile nuru ndiyo mwisho wa safari.

Hujatenda dhambi. Andiko ni la kweli na picha ni ya kweli, ila umeviunganisha haraka, kama mwenyeji anayemuaga mgeni kabla hajampa kiti. Na hauko peke yako. Picha nyingi za imani zinazozunguka kwenye simu zetu zimetengenezwa hivyo: mawingu yakipendeza linabandikwa andiko la mbingu, mwamba ukiwa mkubwa linabandikwa andiko la mwamba. Anayepita anasoma maneno, anaweka dole gumba, anaendelea. Ziwa hakuliona na Injili hakuisikia.

Fungua Kutoka sura ya 3. Musa yuko kazini, anachunga mifugo ya mkwewe, anaona kijiti kinawaka wala hakiteketei. Angalia mambo yanavyofuatana. Musa anasema atageuka aone kwa nini kijiti hakiteketei. Bwana anapoona kwamba amegeuka ili atazame, ndipo anamwita kwa jina. Musa hakuwa na andiko la kukibandika kile kijiti. Alikuwa na swali, na akaacha njia yake akalifuata. Mimi naamini hivyo ndivyo Mungu anavyotufundisha kwa vitu vya kila siku, na kazi yetu ya kwanza ni kugeuka.

Kwa hiyo mrudie baba mdogo. Mwombe akusimulie usiku mmoja waliokesha wakarudi mikono mitupu: baridi ya saa 9 usiku, mafuta ya injini yaliyochomwa bure, tajiri wa mtumbwi anayesubiri hesabu asubuhi. Akimaliza, soma Luka sura ya 5. Simoni na wenzake wamefanya kazi usiku kucha, hawakupata kitu, na Bwana anawakuta wanaosha nyavu. Hawakutupa nyavu wala hawakwenda kulala. Wanaziosha, maana kesho ipo. Nenda mwaloni asubuhi ukawapige picha wanaume wa Igombe wakifanya kazi hiyo hiyo, na hutahitaji kuandika maneno mengi. Pengine hutahitaji kuandika hata moja.

Nikupe na mfano wa mjini. Kila mgeni wa Mwanza anapiga picha nyumba zilizopanda miamba ya Igogo, Mabatini na Bugarika, na Mkristo akizipiga anaandika juu ya mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Mimi wanafunzi wangu huwa nawaambia wapande. Wanafika juu wanahema. Wanamkuta mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani akipanda mawe yale yale bila kushika popote. Wanamkuta fundi anapasua jiwe kwa moto na nyundo, apate mahali pa kusimamisha ukuta mmoja. Hapo ndipo tunasoma Luka 6:48, kwa sababu Luka ana neno ambalo Mathayo hakulitaja: mtu yule alichimba, tena chini sana, ndipo akaweka msingi. Ukipiga ukiwa barabarani unaona nyumba na mwamba tu. Kuchimba kunaonekana ukipanda.

Tena usiogope kuona kidogo kidogo. Marko sura ya 8 anasimulia habari za kipofu wa Bethsaida, mji wa kando ya ziwa la Galilaya. Alipoguswa mara ya kwanza aliona watu kama miti, inakwenda. Bwana hakumlaumu kwa kuona vibaya. Aliweka mikono juu ya macho yake tena. Picha yako ya taa ilikuwa mguso wa kwanza, mwanangu. Isifute.

Habari za kazi, Mzee. Nilipiga picha za kipaimara cha mdogo wangu jioni pale karibu na Mwamba wa Bismarck. Ziwa limetoka vizuri mno, jua limetoka vizuri, lakini nyuso zote ni nyeusi tii, hata mama hajulikani. Simu ni mpya. Tatizo ni nini? (Nyakato)

Simu yako ni nzima. Jiji letu liko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo jua la jioni linazamia upande wa maji. Ukimsimamisha mtu mbele ya ziwa saa 12 jioni, mwanga wote uko mgongoni kwake. Simu inaona anga kali, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso unazama gizani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha alama ya jua inayotokea pale isogeze juu taratibu mpaka macho yaonekane. Anga itapauka kidogo. Iache ipauke, uliyekwenda kumpiga ni mama.

Njia nzuri zaidi ni kwenda asubuhi. Jua likitoka nyuma ya vilima vya mji linawaangukia usoni watu waliolipa ziwa mgongo, na maji nyuma yao yanabaki na rangi yake. Ila uwahi. Tuko karibu sana na ikweta, nyuzi 2 na nusu tu kusini, na jua letu hupanda wima. Linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na ile rangi ya dhahabu inadumu karibu nusu saa, basi. Wenzetu wa Ulaya wanaipata kwa muda mrefu kuliko sisi. Ukifika saa 2 umekuta kivuli kimekaa chini ya nyusi na pua. Ukishachelewa, mtafutie mtu kivuli cha mwembe, mgeuze aangalie mahali palipo wazi.

Na hili naliongeza bila kuulizwa, kwa sababu linaniuma. Simu nyingi zinakuja zimewashwa kitu cha kurembesha uso: kinalainisha ngozi, kinaing'arisha, kinachonga pua. Kizime. Mwanzo sura ya 1 inasema Mungu aliona kila kitu alichokifanya, na tazama, ni chema sana. Binti wa kipaimara ametoka kuwekewa mikono na askofu, halafu nyumbani anaoneshwa picha inayomwambia rangi yake haikutosha. Picha ya namna hiyo siitoi kwa mtu, hata akiilipia.

Shikamoo Babu. Mimi ni kijana wa hapa Nansio, napiga picha za mitaani. Nilimpiga bibi mmoja anayeanika dagaa juani, nguo zake zimechoka, nikaandika: "Unalalamika nini? Shukuru kwa ulicho nacho." Ilisambaa sana. Baadaye nikasikia yule bibi hakufurahi, na mama naye amenisema. Lakini mimi lengo langu lilikuwa jema, watu wamshukuru Mungu. Je, nilihitaji ruhusa hata kwa picha ya barabarani?

Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako yuko sahihi, na nitasema kwa nini.

Tuanze na lililo dogo, sheria. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Kumwuliza mtu ni salama kwake na kwako. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, ningekujibu vile vile.

Soma tena ulichoandika. Umewaambia watu washukuru. Washukuru kwa nini? Kwa kuwa wao si yeye. Yule bibi ameamka alfajiri, amenunua dagaa mwaloni kwa ndoo, anajua kwa kutazama wingu kama atawaanua au atawaacha. Anajua dagaa wa mchangani wanaingia mchanga na bei inashuka, na kwamba wa kwenye kichanja wanakauka safi. Huenda amesomesha watoto kwa kazi hiyo. Wewe umemfanya kipimo cha taabu, ili mtu aliyeketi kwenye kochi mjini ajisikie nafuu. Ile shukrani inanikumbusha Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akamshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine, wala si kama yule mtoza ushuru. Naye alikuwa anashukuru.

Lengo lako lilikuwa jema, naamini. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Fanya hivi. Ifute ile picha kila ulipoiweka. Kisha nenda kwa bibi bila kuitoa simu mfukoni. Msalimie, umwombe radhi, ukae. Kama kuna dagaa wa kugeuza, geuza. Ukishazoeleka, mwambie ungependa kumpiga picha akiwa kazini, na umwoneshe kila unayoipiga. Utashangaa atakayoichagua, maana mara nyingi si ile uliyoipenda wewe. Atavaa kitenge kizuri, atafunga kilemba, atasimama wima kando ya kichanja chake. Mpige hivyo. Mwulize mwenyewe anamshukuru Mungu kwa lipi, uandike maneno yake pamoja na jina lake kama ameridhia. Akisema hataki picha kabisa, umepata kumfahamu jirani, na hiyo inatosha kabisa kwa asubuhi moja.

Watoto ni hivyo hivyo, tena zaidi. Mtoto hapigwi bila mzazi kujua. Na mtoto aliye uchi anayeoga ziwani hapigwi, hata maji yangekuwa na rangi nzuri namna gani.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzee wa hapa Kisesa. Vijana wetu siku hizi wanatazama Misa kupitia simu. Wengine wananiambia wanaona Mungu kwenye picha. Amri inasema usijifanyie sanamu ya kuchonga. Je, hatuelekei huko?

Milele, amina. Mzee mwenzangu, jirani yako wa Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, anaweza kukusaidia kuliko mimi. Pale Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliwasaidia Wasukuma kukusanya ngoma, viti na vyombo vyao, na kanisa likajengwa kwa kufuata umbo na alama za nyumba ya Kisukuma. Hakuna anayeviabudu vile vitu. Vinamwambia Msukuma kwamba Mungu aliijua nyumba yake kabla mmisionari hajafika. Amri ya Kutoka 20 inakataza kuvisujudia na kuvitumikia vilivyofanywa kwa mikono. Sura kumi na moja mbele, Mungu huyo huyo anamjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya ufundi wa kila namna. Kijana anayesema ameona Mungu kwenye picha ya ziwa, mwulize kwa upole: je, umemwona, au umeona kazi ya mikono yake? Zaburi 19 inaweka sawa: "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Mbingu zinahubiri, hazipokei sadaka.

Lakini hilo la Misa nakuunga mkono moja kwa moja. Wanafunzi wangu wana masharti. Flashi inazimwa mlangoni. Hakuna kukatiza kati ya madhabahu na waumini. Wakati wa mageuzo, au wa Meza ya Bwana kwa sisi tunaoiita hivyo, simu inakaa mfukoni na mpiga picha anapiga magoti na wenzake. Mtu anayelia katika maombi hapigwi. Harusi nazo ni hivyo hivyo, hata kama kamati imelipa.

Bwana Yesu asifiwe, Baba. Nakuandikia nikiwa Bugando, namuuguza mume wangu, tumetoka Sengerema. Hapa siku ni ndefu. Zamani nilipenda kupiga picha za bustani yangu, lakini hapa hakuna kitu zaidi ya dirisha, vitanda na watu wanaoumwa. Hata kusali nimechoka. Je, kuna kitu naweza kukipiga?

Amina, mama. Pole sana, wewe na baba watoto. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote.

Una dirisha. Picha ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani zilizopigwa kwa kamera ilipigwa dirishani. Mfaransa aitwaye Nicéphore Niépce aliipiga kati ya 1826 na 1827 kutoka chumba cha juu cha nyumba yake. Inaonesha mapaa na kuta tu. Kemikali zake zilikuwa dhaifu, ikabidi kamera iachwe wazi kwa saa nyingi, na kwa muda huo jua lilizunguka. Ndiyo maana katika picha ile mwanga umeangukia kuta za pande zote mbili, jambo ambalo jicho la mtu haliwezi kuliona kwa mara moja. Aliyeliona ni yule aliyekaa.

Na dirisha lako liko juu ya kilima. Chagua upande mmoja, mapaa ya mji au kipande cha ziwa kama kinaonekana, ukipige alfajiri, kisha mchana, kisha taa zinapoanza kuwaka. Usihame mahali. Asubuhi moshi wa mama lishe unapanda kutoka bondeni. Mchana mwewe wanazunguka juu ya mapaa bila kupiga bawa, wanabebwa na hewa ya moto inayopanda. Bwana alisema, "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo," na kabla ya hapo akawaambia watu wawaangalie ndege wa angani. Aliwaambia hayo watu waliokuwa na wasiwasi wa chakula na mavazi, si watu waliostarehe. Mtu aliyechoka kusali anaweza kutii agizo hilo akiwa ameketi. Kutazama kwako ndege mmoja mpaka apotee, mama, mimi nakuhesabia kuwa sala.

Ndani ya wodi usiwapige wagonjwa wengine, na mwulize muuguzi utaratibu wa pale. Lakini vitu vyenu ni vyenu: chupa ya chai, khanga uliyojifunika usiku, ndala za mzee chini ya kitanda zikimngoja. Yeye akikubali, upige mkono wake juu ya mkono wako, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni. Siwezi kukuahidi kwamba hayo yataondoa mzigo. Wala usijilazimishe kupata fundisho. Ukiona, umeona. Ayubu alikaa na wenzake siku saba bila neno, na naamini siku hizo ndizo walizomfaa zaidi.

Nimeandika jina la mzee kwenye daftari langu la sala. Tuandikie tena.

Mwalimu wa watoto wa Jumapili, Kayenze, anauliza: Nataka watoto wapige picha za uumbaji, lakini ufuko wetu umejaa gugumaji, chupa za plastiki na nyavu zilizochanika. Niwapeleke mahali pazuri zaidi, labda Saanane?

Saanane wapeleke wakipata nauli, ni hifadhi ya taifa iliyo karibu na mji kiasi kwamba hakuna udhuru, na watoto watafurahi. Lakini waanzie hapo hapo Kayenze, mwalimu, na uchafu usiukwepe. Gugumaji hilo si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ua lake ni la zambarau, zuri kweli. Waache watoto wapige ua kwa karibu, kisha warudi nyuma wapige mtumbwi ulioshindwa kutoka kwa sababu ya maua hayo hayo. Waulize babu zao kuhusu furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa mboga ya kila nyumba. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zake. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Sangara huyo huyo amejenga nyumba na kusomesha watoto. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyabeba yote mawili kama hatukumficha.

Biblia yenyewe ina zaburi za kulia, tena nyingi. Picha za imani zisizo na kilio zinaniacha na njaa. Kila mwaka tarehe 21 Mei baadhi yetu huenda makaburi ya Igoma walipolazwa ndugu zetu wa meli ya MV Bukoba, waliozama 1996 wakiwa wamekaribia kufika Mwanza. Sijawahi kumkataza mwanafunzi kupiga picha pale. Namwomba tu asimame kwanza, asome majina.

Na baada ya picha za ufukoni, mwalimu, beba magunia. Watoto wakishapiga, waokote.

Nina picha nyingi sana kwenye simu na naogopa ikiibiwa zote zitapotea. Nizihifadhije? (Dereva wa bodaboda, Buhongwa)

Chagua chache. Mwisho wa mwezi kaa nazo, zifute zinazofanana, ubakize zile ambazo ukizitazama bado zinakuuliza kitu. Hizo zihifadhi mahali pawili, kwenye kadi ya kumbukumbu nyumbani na kwenye akaunti yako ya intaneti, kisha zichapishe dukani kwenye karatasi ya picha, saizi ya kawaida tu, ulizia bei kwanza. Nyuma, pembezoni, andika tarehe, mahali na nani alikuwepo, bila kukandamiza kalamu ili isitokeze upande wa pili. Ziweke mbali na jua na unyevu. Sanduku la bati kabatini linafaa kuliko ukuta wa sebuleni. Ukiweza kuchapisha mbili mbili, ya pili mpelekee uliyempiga.